Nimuulize Nani Hesabu Hii?

Historia ya shule huandikwa kwa majengo. Mwaka fulani darasa lilijengwa, mwaka fulani mfadhili akakata utepe, mwaka fulani matokeo yakashuka. Mimi nataka kuandika kitu kidogo kuliko hivyo. Mtoto wa Kwale akikwama na hesabu saa mbili usiku, daftari liko wazi, mwalimu kesharudi kwake, humuuliza nani? Mamake alimuuliza nani? Na babu yake je?

Nina sababu ya kuuliza. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika, nikarudi Ukunda, nikawa naandika makala za watu kwa malipo. Tangu nirudi, watoto wa mtaa wameamua kwamba mtu aliyefika chuo, hata kama hakumaliza, anajua kila kitu. Wanakuja na kemia. Wanakuja na logariti. Mmoja alikuja na mbaazi za Mendel, daftari mkono mmoja na mahamri mkono mwingine. Sikusomea ualimu hata siku moja, lakini mlango unabishwa.

Tuanze mbali. Mwalimu wa kwanza wa hesabu huku kwetu hakuwa na ubao mweusi. Alikuwa maalim wa chuoni, na kumbuka kwamba pwani neno chuo lilikuwa la madrasa zamani, kabla halijawa la Nairobi. Maalim alifundisha Qurani, akafundisha kusoma na kuandika, na kwa wale waliokaa sana mkekani, akafundisha mirathi. Sasa mirathi, ukiitazama bila woga, ni hesabu za sehemu kutoka mwanzo hadi mwisho: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi, sudusi.

Chukua mfano. Mtu wa Gazi amefariki, ameacha minazi 96. Ana mke, mama mzazi, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke apate thumuni kwa sababu kuna watoto: minazi 12. Mama apate sudusi: minazi 16. Imebaki 68. Mtoto wa kiume huhesabiwa mara mbili ya binti, kwa hiyo gawa kwa nne: kila binti 17, kijana 34. Jumlisha uone, 96 kamili. Ili kufika hapo maalim ametafuta kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6, amepata 24, ameona 17 haigawiki kwa 4, akapandisha mpaka 96. Hakuita jina lolote kati ya hayo. Alisema tu, tuipandishe mas'ala.

Tena si kwamba huku kwetu jambo hili lilikuwa la vitabuni. Wadigo wa zamani walirithi upande wa mama, mali ya mjomba ikienda kwa mpwa. Uislamu ulipotanda, hesabu ikabadilika, na mashamba ya minazi yakawa na watu wawili wanaodai kila mmoja kwa kanuni yake. Mtu asiyejua sehemu alipoteza shamba. Kazi ya ziada ya namna hiyo huwezi kuiacha mpaka kesho.

Na hapa ndipo historia inaponichekesha. Mnamo mwaka 820 hivi, kule Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu ambacho jina lake ndilo lililotupa neno aljebra. Karibu nusu ya kitabu kile inahusu wasia na mirathi. Yaani aljebra, ile inayowatoa jasho watoto wa kidato cha pili, ilikua ikitumikia kazi ileile ya maalim wa Gazi. Hakuna kitabu cha shule nilichopewa mimi kilichoniambia hivyo. Nimekaa na kijana wa Form Two aliyeniapia kwamba sehemu hazimwingii, hazijawahi kumwingia, kichwa chake hakikuumbwa hivyo. Nikamuuliza mke ana nini kwa mumewe kama kuna watoto. Akajibu kabla sijamaliza swali. Mama je? Akajibu. Jumlisha basi, thumuni na sudusi. Akanyamaza kidogo, akasema saba juu ya ishirini na nne. Kisha akanitazama kama mtu aliyeibiwa.

Shule za serikali zilichelewa kufika. Waa ni miongoni mwa zile za mwanzo, ilianza miaka ya 1920, na wazee wengi waliitazama shule yoyote ya mzungu kwa jicho la pembeni, maana nyingi zilikuwa za misheni na mtoto aliweza kutoka nyumbani Hamisi akarudi James. Kwa sayansi na ufundi, mlango mkubwa ulifunguliwa Mombasa: taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, iliyochangiwa na Sultani wa Zanzibar na Aga Khan, ikaanza kupokea wanafunzi mwaka 1951. Leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Vijana walijifunza mitambo na umeme. Lakini ilikuwa ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na mvulana wa Lunga Lunga alihitaji nauli na ndugu wa kufikia.

Halafu ikaja hesabu mpya. Mwaka 1962 kundi la wanahisabati wa Kimarekani, wakiongozwa na profesa wa MIT, lilikutana Entebbe na walimu wa Kiafrika kuandika vitabu upya. Ulimwengu wote ulikuwa na homa ile. Warusi walikuwa wamerusha Sputnik mwaka 1957, na Marekani ikaamua kwamba watoto wanafundishwa hesabu vibaya. Basi mtoto wa Afrika Mashariki naye akaanza na seti, viunganisho, besi tano na besi mbili. Mawazo hayakuwa mabaya. Ubaya ni kwamba mzazi aliyejua kujumlisha, kutoa na kugawanya, mzazi ambaye kwa mara ya kwanza katika ukoo aliweza kumsaidia mwanawe, aliangalia daftari na kuona miduara miwili iliyopishana na herufi ndani yake. Akalirudisha. Mapema miaka ya 1980 Rais Moi akaipiga hesabu mpya marufuku, na mwaka 1985 mfumo wa 8-4-4 ukaanza. Lakini kuna kizazi kizima cha wazazi waliojifunza kusema, hayo yenu ya siku hizi siyajui. Nyanya yangu bado anasema hivyo, na daftari halijawahi kufika mkononi mwake.

Sasa nifike pale penye uzito.

Tangu uhuru, mwalimu wa hesabu na fizikia kusini mwa pwani mara nyingi alikuwa mtu wa bara. Sababu zinajulikana: shule za sekondari zilianza kwingine mapema, kwa hiyo walimu walitoka kwingine. Walikuja Kwale na mabegi yao, wakapanga nyumba Ukunda, Msambweni, Kinango, wakaoa, wakapanda mihogo. Mtoto wa Kidigo aliyetaka kuuliza kani na mchapuko alimuuliza Mjaluo, Mkamba, Mluhya au Mkikuyu, kwa Kiingereza darasani na kwa Kiswahili cha kuungaunga jioni.

Tarehe 13 Agosti 1997, usiku, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa. Polisi wakauawa, bunduki zikachukuliwa, nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa. Vijana walikuwa wamelishwa viapo kwenye misitu ya huku, na jina la Kaya Bombo likabaki midomoni mwa watu mpaka leo. Vikaratasi vilisambazwa vikiwataka wa bara waondoke. Zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye machafuko yale, na takriban 100,000 wakahama, wengine wakilala kanisani Likoni kwa majuma. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Tume ya Akiwumi ikaja ikasikiliza, na mengi yaliyosemwa mbele yake yalielekeza kidole kwa wanasiasa.

Malalamiko ya ardhi yalikuwa ya kweli, na bado ni ya kweli. Mtu asinielewe vibaya. Ila Agosti ni likizo, na shule zilipofunguliwa Septemba, baadhi ya walimu hawakurudi. Mjomba wangu alikuwa Form Three kwenye shule ya kutwa upande wa Msambweni. Mwalimu wake wa fizikia alikuwa ameacha sanduku la vifaa na rundo la daftari ambazo hazijasahihishwa. Mjomba anasema walikaa na rundo lile mezani mpaka Oktoba, na Oktoba yenyewe ikaleta mgomo wa walimu wa nchi nzima. Mwaka uliofuata alifanya mtihani wa kitaifa akiwa amesoma umeme kwa kunakili daftari la binamu aliyesoma Mombasa. "Nilijua michoro yote," aliniambia, "sikujua hata mmoja ulikuwa unasema nini."

Leo mjomba ni fundi umeme kwenye hoteli za Diani. Alijifunza kwa kupigwa shoti. Nikimuuliza kuhusu 1997 haongei habari ya siasa hata kidogo. Anaongea habari ya lile rundo la daftari, kwamba lake lilikuwa la tatu kutoka juu na hakuwahi kujua alipata ngapi.

Mwaka uliofuata, 1998, serikali na shirika la Kijapani la JICA wakaanzisha SMASSE, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hesabu na sayansi katika sekondari. Walimu walirudishwa mafunzoni wafundishe kwa majaribio na vifaa vya kujitengenezea badala ya kuandika ubaoni mpaka kengele. Ulikuwa mradi mzuri, na ndio ulioizaa taasisi ya CEMASTEA pale Karen. Ulianzia wilaya tisa za majaribio. Hata moja haikuwa ya pwani. Mradi ulipoenezwa nchi nzima mwaka 2003, mjomba alikuwa ameshaweka waya kwenye vyumba vya watalii miaka kadhaa.

Pengo likiwapo, biashara hulijaza. Tuisheni ilikuwepo nchi nzima, lakini kwetu ilikuwa na ladha yake: sebule ya mwalimu, koroboi au taa ya sola, watoto kumi na watano juu ya mkeka, shilingi za kuhesabika mkononi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikapiga marufuku tuisheni ya likizo, faini hadi shilingi 100,000 au jela mwaka mmoja. Nia naielewa, maana kuna shule zilizowalazimisha wazazi maskini walipe mara mbili kwa somo lilelile. Ila sheria ile haikuleta mwalimu wa fizikia Kinango. Aliyekuwa na pesa alimwita mwalimu nyumbani kimyakimya, na asiyekuwa nazo akabaki na mwakenya. Kama hulijui neno hili, ni kile kikaratasi cha kuibia mtihani, na kilipata jina kutoka kwa vuguvugu la siri lililompinga Moi miaka ya 1980. Watu walifungwa kwa kukutwa na karatasi za Mwakenya. Watoto wa shule wakaona jina linafaa.

Kuna jambo la lugha ambalo huwa halizungumzwi. Mtoto wa Kwale huota kwa Kidigo au Kiduruma, hucheza kwa Kiswahili, na hufanya hesabu kwa Kiingereza. Akikwama, kwanza amekwama kwenye maneno. Nilipokuwa darasa la saba, shangazi yangu aliyekuwa akipeleka vitenge kati ya Tanga na Lunga Lunga alirudi na kitabu cha Hisabati cha shule ya msingi ya Tanzania, kimetoboka jalada. Tanzania iliamua baada ya Azimio la Arusha la 1967 kwamba shule ya msingi yote ifundishwe kwa Kiswahili. Nikakifungua. Kipeuo cha pili. Kipenyo na nusu kipenyo. Mcheduara. Nililitazama neno mcheduara kwa muda, nikaona kabisa bomba la maji la pale kisimani, duara limesimama kama mche. Kwenye kitabu changu lilikuwa silinda, na silinda kwangu lilikuwa neno la gesi ya kupikia tu.

Baadaye niligundua kwamba TUKI, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa mwaka 1990 kamusi nzima ya biolojia, fizikia na kemia. Mle kuna maneno ya kukupa raha: usanisinuru, yaani mmea unasanisi kwa nuru, mchapuko, kutoka kuchapuka, lile analolia abiria wa boda aliyechelewa. Nimewahi kumfafanulia msichana mchapuko kwa neno hilo moja na akafunga daftari akaenda zake. Lakini tusiwasifu majirani kupita kiasi. Mtoto wa Tanga akifika Form One anatupwa kwenye Kiingereza ghafla. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kiendelee sekondari, serikali yao ikakataa. Kwa hiyo kitabu cha shangazi kinakufikisha darasa la saba, kisha kinakuacha Horohoro mpakani.

Simu zilipoingia, tulidhani jambo limekwisha. Kulikuwa na Shupavu 291, iliyotengenezwa na Eneza Education pamoja na Safaricom: unabonyeza namba kwenye kabambe ya mama, unapata somo kwa ujumbe mfupi, na unaweza kumwandikia mwalimu swali akakujibu. Kabambe yoyote ilifaa. Nakumbuka nikimuuliza mtu nisiyemjua kuhusu moli, na jibu likaja kabla chai haijapoa, herufi chache, sahihi kabisa. Halafu ikaja korona. Tarehe 15 Machi 2020 shule zilifungwa, masomo yakahamia redio ya KBC, televisheni na mtandao. Gredi ya 4, darasa la nane na Form Four walirudi Oktoba 12, wengine wote Januari 4, 2021. Katikati hapo, nyumba yenye bando ilisoma, nyumba yenye redio ilisikiliza jiometri bila kuona mchoro, na wavulana wengi wakaenda baharini. Wengine hawakurudi.

Na huku nyuma, jambo la ajabu lilikuwa likiendelea palepale Diani. Vijana wenzangu, wenye digrii na wasio nazo, walikuwa wakifanya kazi za ziada za wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Insha, takwimu, kalkulasi, ripoti za maabara ambazo hawakuwahi kuingia. Kenya ilikuwa ngome ya kazi hiyo duniani. Mwaka 2024 filamu ya The Shadow Scholars ilimfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford akiwachunguza waandishi hao. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 dhidi ya makampuni yanayouza kazi hizo. Kisha akili bandia ikaingia na bei ikaanguka. Mimi siwahukumu, njaa ni mwalimu mkali. Ila fikiria ramani yake: mwanafunzi wa Ohio akikwama na hesabu usiku, alipata msaada kutoka Ukunda ndani ya saa tatu. Mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwa yule yule msaidizi hakupata.

Siku hizi watoto wanaokuja kwangu huwa washapiga picha swali, programu ikawapa jibu na hatua zote. Wanakuja kwa sababu wamenakili hatua na hawajui ya tatu imetoka wapi. Mjomba angewaelewa. Kwa hiyo nimeacha kuwapa maswali ya kitabu kwanza. Nawapa ya hapa. Mgodi wa Base Titanium ulichimba Kwale kuanzia 2013 hadi Desemba 2024, meli kwa meli ya mchanga mweusi kutoka Likoni, na sehemu kubwa ya mchanga ule ni ilmenaiti, FeTiO₃. Chuma 56, titani 48, oksijeni tatu 48: jumla 152. Titani ni asilimia ngapi? Karibu 31.6. Wakishapata, ndipo mazungumzo yanapoanza: tani ngapi zilipita barabara ile, tulilipwa kwa tani ya mchanga au ya titani? Kwa Gazi kuna Mikoko Pamoja, hekta 117 za mikoko zinazouza hewa ya ukaa tangu 2013, na pesa zimenunua hata vitabu vya shule. Mzingo wa mti gawanya kwa pai, upate kipenyo, kutoka hapo ukadirie kaboni. Tumekwenda mara moja na futi ya fundi cherehani, tukarudi na matope magotini.

Mfumo umebadilika tena. KCPE ya mwisho ilikuwa 2023, KCSE ya mwisho ni 2027, na kundi la kwanza la gredi ya 10 limeanza Januari 2026. Kwanza walisema hesabu itakuwa ya hiari huko juu, watu wakapiga kelele, na mwaka 2025 wizara ikarudi na mbili: hesabu kamili kwa wa sayansi, nyepesi kwa wengine. Binti wa jirani yuko gredi ya 9 na anataka uuguzi, chuo cha mafunzo ya tiba kipo hapo Msambweni, haina haja ya kuvuka kivuko. Aliniuliza achukue ipi, maana shule ya kutwa iliyo karibu haina mwalimu wa fizikia tangu yule wa mwisho ahamishwe. Nikamwambia achukue kamili. Akasema sawa, lakini nitakuja kila siku, usinikimbie. Sasa natafuta kitabu cha gredi ya 10 cha mtumba pale stendi, silabasi ni mpya na mimi mwenyewe sijaiona.